Kisu Hupimwa kwa Mkono Wenye Utelezi

Nakumbuka siku moja nilimkimbia baba yangu mdogo mlangoni mwa duka, hapa hapa Uvira, kwa sababu alikuwa ameingia na kambale mbichi mkononi. Nilikuwa kijana wa shati jeupe na nywele zilizochanwa upande. Niliona aibu kubwa, mwanangu, na aibu ile nusura inipotezee mama yangu mzazi.

Ngoja nianze vizuri, maana uzee una tabia ya kuanzia mkiani.

Jana umenionyesha picha ya kisu kwenye simu yako. Wiki ijayo unaingia kambini kuanza mafunzo ya uaskari, na umekipenda kisu hicho kwa kuwa ni cheusi chote, kina meno ya msumeno, kina kifungulia chupa na sijui kitu gani cha kuvunjia vioo. Ukaniuliza, "Babu, unaonaje?" Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nakula, na mimi sizungumzi jambo la maana nikiwa na mwiba wa samaki mdomoni. Leo nimeshiba. Kaa.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mchanga. Jeshi jipya lilikuwa likiandikisha vijana, nami nikaandikishwa, nikaambiwa niende kambini kwenye uwanda wa Ruzizi, upande wa Luberizi. Tuliahidiwa gwanda, viatu na blanketi. Kisu cha kukunja kila mtu ajitafutie mwenyewe. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni mdogo wake, baba mdogo Anselemi. Huyo alitumikia jeshi la Wabelgiji miaka mingi, akatoka huko na suruali moja, kikohozi, na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Baada ya jeshi akawa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Nilipomwambia nataka kununua kisu alifurahi sana, akavaa hata viatu.

Tulipopita ufukoni akanunua kambale mmoja. Nilidhani ni mboga ya jioni. Kumbe ni kipimo.

Dukani, mwenye duka alitupangia visu juu ya meza, vikubwa kwa vidogo. Baba mdogo akampapasa yule kambale kutoka kichwani mpaka mkiani, akajipaka ute wake viganja vyote viwili, kisha akanyoosha mkono kwenye kisu cha kwanza.

"Mzee, unafanya nini?" mwenye duka akapiga kelele.

"Usikasirike, bwana. Visu yako yote iko muzuri," baba mdogo akasema. "Lakini huyu mutoto anaenda kuwa soda, askari ya jeshi. Kazi ya soda haingoje mikono ikauke."

"Utanichafulia vitu yangu!"

"Nitapangusa. Minye niko na kitambaa."

Wasichana wawili waliokuja kununua sabuni wakaangua kicheko. Mmoja wao nilikuwa namjua, na nilitaka anijue zaidi. Nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka nikajikuta nje, nikajifanya natazama baiskeli ya mtu.

Aliyofanya humo ndani niliyajua baadaye, aliponisimulia mwenyewe. Kulikuwa na kisu kimoja cha mpini wa pembe, kimeng'arishwa hadi unajiona usoni, kina mabapa matatu ya kukatia na kizibuo cha chupa. Hicho kilimshinda kukifungua. Bapa lake lilizama lote ndani ya mpini, likiacha kijishimo kidogo cha kutia ukucha, na ukucha wenye utelezi haukamati kitu. Kingine kilifunguka, lakini alipokigandamiza juu ya meza kikajikunja chenyewe kuelekea vidole. Akakirudisha. Cha mwisho kilikuwa cha mpini wa mbao, rahisi kuliko vyote, kwa bei ambayo hata mimi nisiye na kitu ningeweza kukinunua tena kikipotea. Bapa lake lilisimama juu ya mpini kidogo, likashikika kwa vidole viwili. Na shingoni kilikuwa na pete ya chuma. Ukiizungusha, bapa halirudi nyuma hata ukilikalia.

Akakilipia, akatoka nje anatabasamu. "Nimepata. Shika."

Nilikitazama. Kikanivunja moyo. "Baba mudogo, hii ni kisu ya wamama ya samaki. Masoda watanicheka."

Akakitia mfukoni. Tulipofika nyumbani mama, aliyekuwa akiuza samaki sokoni, aliyasikia hayo akanyoosha mkono wake. "Lete kwangu. Minye ni mama ya samaki, siogopi kuchekwa."

Baba mdogo akamwonyesha namna ya kukitunza. Wakakifungua, wakautumbukiza mpini kwenye mawese ya moto, mbao ikanywa mafuta mpaka ikashiba, ili ikiingia maji isivimbe na kulibana bapa. Akatoboa tundu nyuma ya mpini, akapitisha kamba, mama akakifunga kiunoni. Toka siku hiyo alikitumia kupasulia samaki, kukatia muhogo, hata kukatia kucha zake.

Kesho yake nilirudi dukani peke yangu, mikono mikavu na misafi, nikanunua kile cha mpini wa pembe kwa akiba yangu yote. Kizuri chajiuza, nilijiambia. Methali ni kama dawa, mwanangu, usipoulizia ya ugonjwa gani utakunywa ya mwenzako. Iliyonihusu mimi ni ile ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kambini kisu changu kilisifiwa. Siku za kwanza kilipita mkono hadi mkono. Kisha vumbi la uwandani likaingia kwenye maungio yake, kikaanza kulia kama mlango wa kanisa la zamani. Kizibuo sikukitumia hata siku moja, sisi tulikunywa maji. Bapa la pili lilivunjika nikifungua kopo la samaki. Kunoa napo ilikuwa taabu, chuma chake kilikataa mawe yetu ya mtoni, kikataka jiwe la dukani nisilokuwa nalo. Lakini sikumwambia mtu. Mtu akishajisifu kwa kitu hubaki amekibeba hata kikimchoma.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukafika Uvira. Kikosi chetu kilitawanyika, na sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilivua gwanda, nikashuka nyumbani kwa miguu, nikamkuta baba mdogo ameamua kutuvusha ziwa, upande wa Burundi, mpaka mambo yatulie. Mitumbwi yake miwili ilikuwa imeunganishwa kwa miti, kama wavuvi wa ndagala wanavyofanya ili wavu ushuke katikati. Tulikuwa watu saba, sisi na majirani. Mtu wa kwingine angeuacha wavu nyumbani aokoe roho. Sisi hatukuweza, wavu ndio shamba la mvuvi. Tukaukunja ndani ya mtumbwi na kamba zake na mawe yake, na mama akakaa juu yake, amepakata debe la mawese.

Tuliondoka asubuhi, ziwa limetulia. Tulipofika katikati upepo wa kusini ukaamka. Wimbi la kwanza likatupiga ubavuni, debe likapinduka, mawese yakatapakaa kwenye mitumbwi, kwenye nguo, kwenye mikono ya kila mtu. Wimbi la pili likauvuta wavu nje. Ukiwa na mawe yake, ulipoanza kuzama haukusimama. Na kamba yake moja ilikuwa imejizungusha kwenye kifundo cha mguu wa mama.

Aliburutwa mpaka ukingoni. Jirani yetu mmoja akamkumbatia kwa nyuma asiende, nao mtumbwi ukaanza kulalia upande ule na kunywa maji. Baba mdogo alikuwa nyuma na kasia. Angeliacha, wimbi lingetugeuza sote.

"Kata kamba!" akaita. "Weye soda, kata kamba!"

Nilikuwa na kisu, mwanangu. Nilikitoa haraka. Ukucha ukateleza. Nikajaribu tena, ukateleza. Mara ya tatu ukucha ukavunjika. Nikakifungua kwa meno, na ninavyokusimulia bado nasikia ladha ya mawese na chuma. Nikakigandamiza kwenye kamba kwa nguvu zangu zote, nacho kikajikunja juu ya kidole changu. Tazama hapa. Huu mfupa niliuona kwa macho yangu. Kisu kikaniponyoka kikaenda ziwani. Mama akanitazama, maji yamemfika magotini, na mimi nikabaki nimeshika hewa. Sijawahi kuogopa vile, wala kabla wala baadaye, hata nilipopigwa risasi.

"Sogea," mama akasema.

Akavuta kamba ya kiunoni. Akaligonga tako la mpini mara mbili kwenye ukingo wa mtumbwi, bapa likatoa kichwa. Akalibana kwa pindo la kitenge, akalifungua, akaizungusha pete. Kisha akainama akakata kamba kama anavyokata mkia wa samaki sokoni, bila pupa. Mtumbwi ukainuka. Wavu wote wa baba mdogo ukashuka chini ya Tanganyika, na mama akavuta mguu wake ndani.

Mama ndiye aliyeanza kusema. "Soda yangu, funga hicho kidole. Unanijazia damu mu mutumbwi."

Jirani akacheka. Mama akacheka. Nasi tukacheka sote, tunachota maji kwa mikono huku tunacheka, watu saba wekundu kwa mawese.

Ng'ambo, baba mdogo alinifunga jeraha kwa kipande cha shati lake. Nikamwambia, "Baba mudogo, unisamehe. Nilinunua kisu mubaya, na wavu yako imepotea."

Akaendelea kufunga mpaka akamaliza. "Wavu tutashona ingine," akasema. "Na kisu mubaya, kila muntu ananunuaka. Minye nilinunua yangu, mukubwa wangu wa jeshi akanipiga kofi. Lakini weye uliona naingia mu duka juu yako, ukatoka inje. Ile ndiyo iliniuma."

Nililia, mwanangu. Kijana mzima, askari, nililia mbele ya wageni, na yeye akakaa kando yangu mpaka nikamaliza. Nilimpenda sana mzee yule. Sikumwambia vya kutosha, lakini nadhani alijua, kwa sababu tangu siku hiyo kila alikoingia na samaki wake niliingia naye.

Tulirudi Uvira mambo yalipotulia, wavu mwingine ukashonwa, nami nikarudi jeshini nikatumikia mpaka nikastaafu. Nimemaliza visu vinne vya mpini wa mbao. Yule msichana wa sabuni, usiniulize, aliolewa Bwegera na mkulima wa mpunga, na kila tulipokutana alinisalimia kwa kicheko kile kile. Bibi yako alimjua.

Basi jibu lako ni hili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nilipona na kidole tu, na sitaki wewe ujaribu bahati yako. Usinunue kisu kwenye picha. Nenda ukakishike. Lowesha mikono, ipake mafuta, ipake chochote kinachoteleza, kisha ukifungue na ukifunge, mkono wa kulia na wa kushoto, maana hujui ni upi utakaoumia. Kifungue, ukigandamize mgongo wake juu ya mbao ngumu. Kikijikunja, mrudishie mwenye nacho na umwambie asante. Uliza kama kitakubali jiwe la mtoni. Bapa moja zuri linatosha, la kukata kamba, kufungua kopo na kumenya embe, kwa sababu siku nyingi za askari ni kamba na makopo na maembe. Bei iwe ile ambayo kikipotea utasikitika kidogo tu. Wanaosema rahisi ni ghali wanasema kweli kuhusu kitu usichokipima, na wewe utakipima. Kitundu cha kamba usikisahau. Na mwenye duka akikukasirikia, mwombe radhi, mpangusie meza, endelea kupima.

Wasichana wakicheka, cheka nao. Na ukimwona mtu mzima anajiaibisha kwa ajili yako, simama karibu naye, umshikie hata samaki.

Kesho asubuhi tutakwenda dukani mimi na wewe. Mafuta nitabeba mimi.

Mungu wa baba zetu akutangulie huko kambini, mwanangu. Akupe mkubwa mwenye subira na mwenzako asiyekukimbia. Akupe kisu kikali, kisha akupe maisha ya amani, makali yake yaishie kwenye muhogo na maembe, uzeeke nacho mfukoni, uwamenyee wajukuu zako matunda na usiwe na vita yoyote ya kuwasimulia.