Wazee Walioshiba Kwenye Kompyuta

"Huyu kompyuta ataijua kwa kuifuta vumbi!" Baba yangu mdogo alisema hivyo dukani kwake Majengo, siku niliporudi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya ustawi wa jamii. Wateja wakacheka. Walijua nilijisomesha kwa kuuza mitumba. Basi ninyi vijana mnaoingia kazini leo, jueni kwamba katika ofisi yetu ya Songea ni mimi niliyebishana na mashine nikashinda.

Siku ya kwanza Afisa Ustawi Mkuu, mama mkali, alinikabidhi kishikwambi. "Mapunda, hapa hatuchagui maskini kwa huruma. Mfumo ndio unaochagua."

Makarani walipita kila kaya wakiuliza habari za paa, mifugo na chakula. Majibu yaligeuzwa alama kwa algoriti, yaani kanuni ya hesabu iliyomo ndani ya kompyuta. Kaya yenye alama nyingi ilihesabiwa inajiweza, ikakosa ruzuku.

Orodha ya wilaya ya Tunduru ilipotoka, Bibi Somoe wa Mbesa, mjane anayelea wajukuu, alikuwa ameachwa. Mwenyekiti wa kijiji akapiga simu. "Jamani, huyu mkimwacha, mtampa nani?"

Wenzangu walimjibu kwamba mfumo umeshasema. Mimi nilifungua takwimu, nikazipanga kwa umri wa waliohojiwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Nikaona kioja: kadiri mtu alivyozeeka, ndivyo alivyoshiba.

"Labda wazee wanajua kulima," mkuu akasema.

"Hapana, mama. Wanajua kusalimiana."

"Mfumo umetengenezwa na mabingwa, Mapunda. Wewe una stashahada."

"Ndiyo, mama. Nao hawajawahi kupiga hodi Mbesa."

Hasira ndiyo iliyompandisha mkuu garini. Tulimkuta Bibi Somoe akifagia uwanja. Karani aliyemhoji mara ya kwanza, tuliyekuja naye, akarudia swali lake. "Shikamoo, bibi. Chakula mnapata vizuri?"

"Marahaba, baba. Tunapata, alhamdulillah."

Karani akamtazama mkuu, kifua mbele. Mimi nikachutama. "Bibi, jana jioni mlipika nini?"

Ufagio ukasimama. "Ming'oko."

Ni mizizi ya porini, ya kuchimba.

"Na juzi?"

"Ming'oko, baba."

"Mbona hukumwambia huyu?"

"Mgeni kaniamkia kwa adabu, nimtupie njaa yangu hapo hapo mlangoni?"

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Tulipokuwa njiani kurudi hakutaja tena mabingwa. Aliandika kwa waliokuwa juu yake, na swali likabadilishwa mkoa mzima: karani asiulize hali, aulize chungu cha jana. Kaya zikaulizwa tena, alama zikahesabiwa upya. Bibi Somoe akaingia kwenye orodha, na wazee wengi pamoja naye.

Sasa nimestaafu. Mashine za leo zina kasi kuliko zile zetu, nami sizichukii hata kidogo. Ndizo zilizonionyesha wale wazee walioshiba. Lakini aliyekwenda kuwatazama ni mimi, na hilo sitalisema kwa sauti ndogo.

Mimi ndiye niliyempelekea Bibi Somoe habari. Akauliza nani aliyemchagua.

"Kompyuta, bibi."

"Basi nisalimie sana huko. Mwambie Mungu ambariki."

Unyenyekevu ni jambo jema, ila siku ile sikuwa nao. Nikajipiga kifuani.

"Bibi," nikamwambia, "salamu zimeshafika."