Birika Chini ya Gari

Mume wangu alinunua gari la jeshi baada ya vita, lile ambalo magurudumu yote manne huvuta, na tangu siku hiyo mimi nikawa mke wa pili.

Kila asubuhi lilimpeleka mama mkwe wangu kutoka Kibra hadi Kawangware, kwa rafiki yake Mkikuyu mwenye ng'ombe. Walikunywa chai, wakasengenya watu wa pande zote mbili, kisha mama akarudi na maziwa ya kuuza. Goti lake moja lilikuwa limegoma kutembea mbali. Bila gari, basi, Kawangware ingekuwa ng'ambo.

Taabu ilikuwa njia. Malori yalichimba mifereji miwili, katikati pakabaki tuta, na tumbo la gari letu likalikwaruza tuta hilo mpaka meno yakatuuma. Mume wangu akaamua kuliinua. Lakini kiasi gani? Aongeze chuma kimoja kwenye springi zilizopo, au afunge springi za lori?

Kwetu Kibra jambo halikuamuliwa bila wazee waliokuwa askari. Walikuja, wakalikagua gari kama gwaride, wakaimaliza kahawa yangu ya tangawizi. Mwishowe mmoja akachukua birika letu la kutawadhia, lile lenye shingo ndefu, akajaribu kulisimamisha chini ya gari. Halikuingia.

"Likipita wima bila kuguswa, hakuna tope litakalokushinda," akamwambia mume wangu.

Wote wakaafiki. Ufundi huo waliusomea wapi sijui mpaka leo, ila springi za lori zilifungwa, na birika likapita.

Kesho yake wazee walirudi kuona kazi yao. Mama akatoka na gurbaba yake mpya kiunoni, nguo ya wanawake wetu, debe la kuletea maziwa mkononi. Akainua mguu. Haukufika. Akashika mlango, akajaribu tena. Mume wangu alipotaka kumnyanyua, mama akamsukuma mkono, maana wazee walikuwa wakitazama. Kisha akageuka, akaingia ndani, akaketi kitandani na debe lake tupu. Niliumia sana. Halafu nikapandwa na hasira.

Nikatoka na birika. "Wazee wangu, tope mmelipima. Goti la mama amelipima nani?"

Mzee wa birika akauliza kama kuna kahawa. Nikamwambia moto umezimika.

Springi za lori zilitolewa siku hiyohiyo. Safari hii mama mwenyewe aliketi ndani wakati wa kupima, debe limejazwa maji miguuni pake, kama alivyosafiri kila siku. Kikaongezwa kile chuma kimoja, na chini ya mlango kikafungwa kipandio cha mbao. Birika halikupita, nalo likarudishwa kwenye kazi yake ya udhu.

Mvua kubwa ilipoanza, tulikwama kabla hata ya kuimaliza Kibra, tumbo juu ya tuta. Wazee wale wale wakaja, wakapandisha kanzu zao, wakaanza kusukuma. Gari halikutikisika.

"Mama," mume wangu akasema kwa adabu, "shuka kidogo tu, gari liwe jepesi."

Mama akalikumbatia debe lake, akatazama mbele, njia ya Kawangware.

"Sukumeni," akasema. "Mimi nimeshapanda."