Mama ya Munkoyo

Juzi, kule Kashikishi, mjukuu wangu alikuwa akisugua kibuyu cha munkoyo kwa sabuni. Nilimpokonya kabla sijafikiri.

Nilipokuwa na umri kama wake, mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba uchafu una vijidudu vya kuharisha. Basi alasiri moja nilimwaga mabaki machachu ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikaosha kibuyu kwa maji ya moto hadi harufu ikaisha. Mama alirudi na uji mpya wa kutia humo, akanusa.

“Weye, mutu ya masomo! Umeua mama ya munkoyo!”

“Mama gani?”

“Ile inaleta uchachu. Sasa Chola atakunywa nini?”

Chola alikuwa mdogo wangu, ameachishwa ziwa juzijuzi tu. Lakini mimi nilisikia kwamba nimemuua mama yangu mwenyewe. Nilimfuata ziwani, nikamfuata kwenye samaki waliokuwa wakianikwa, nikisikiliza anavyopumua. Uji usiochacha ulikaa kwenye joto na nzi, na Chola akaunywa.

Sasa najua kwamba vijidudu vya uchachu ndivyo vilivyozuia vile vya kuharisha.

Chola alihara siku chache, akafa. Tulipomzika, bado nilikuwa nikimtazama mama, kama anapumua.