Pampu ya Bondeni

Petroli ina harufu yake, na mpira uliolowa maji ya matope una harufu yake, lakini zikikutana ndani ya sebule ndogo yenye dirisha moja hutoka harufu ya tatu, nzito, ya kukaa kooni. Hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi upande wa nyuma wa mtaa wa Batsinda, kabla vibanda havijawa nyumba na nyumba hazijawa ghorofa, na nyuma ya kochi letu kulikuwa na pampu ya maji. Ilikuwa pampu nyekundu, ya mtumba, yenye kamba ya kuvuta ili iwake, na Baba alikataa katakata ilale popote pengine kwa kuogopa wezi. Mama alinuna wiki nzima. Alipoona kununa hakumsaidii, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile kile cha maua alichokuwa anafunikia redio, na wageni wakija walidhani tumenunua cherehani. Mimi nilikuwa naikalia nikila uji. Niliipenda pampu ile kuliko nilivyopenda baadhi ya ndugu zangu.

Baba alikulia Buyenzi, Bujumbura, na ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya chakula, ya ugomvi na ya sala, huku majirani wakitusikiliza kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi, na alikuwa na kasoro moja ambayo nimeirithi: hakuweza kukaa kimya mahali ambapo watu wote wamekaa kimya. Mwaka huo karakana ya seremala mmoja wa kilimani kwetu iliungua mchana kweupe. Magari ya zimamoto yalikuwa mjini, mbali, na barabara yetu wakati ule ilikuwa mfereji wa udongo mwekundu ambao hata baiskeli ilibidi ibebwe begani. Watu walisimama wakatazama mbao zikiisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye mkutano unaofuata umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kulima mitaro na kufagia njia, Baba alisimama na jembe lake mkononi akasema kwamba kilima hiki kitakuwa na zimamoto yake. Watu walicheka kidogo, kisha wakapiga makofi, na kwa kuwa kwetu jambo likishapigiwa makofi mkutanoni haliwezi kurudi nyuma, likawa.

Walijiandikisha wanaume kama kumi hivi, wote wenye nguvu, wa kwanza wao akiwa Kazungu, mwashi aliyekuwa jirani yetu wa upande wa chini na rafiki mkubwa wa Baba. Kofia ngumu za njano zilitoka kwenye majengo aliyokuwa anajenga Kazungu. Viatu vya mpira kila mtu alikuja na vyake. Ndoo zilipakwa rangi nyekundu ili mtu asizichukue kufulia, na bado zilichukuliwa, tena na Mama mmoja ninayemfahamu vizuri. Pampu yenyewe ilipatikana kwa ushirika wa wakulima wa mboga waliokuwa wamepata kubwa zaidi. Mpira wake wa kupitishia maji ulikuwa vipande vipande, na Baba alikaa jioni nyingi sebuleni akiviunganisha kwa waya na ngozi za matairi ya pikipiki, akiimba nyimbo za Buyenzi kwa sauti mbaya. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile. Hata Mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikuwa anamletea chai bila kuombwa.

Mazoezi yalifanyika mara moja kwa mwezi, baada ya umuganda, bondeni kwenye kijito. Ilikuwa kawaida: watu wote walikuwa tayari wako pale chini wakisafisha mitaro, maji yalikuwa pale pale, na uwanja ulikuwa tambarare. Filimbi ikilia, wanaume walikimbia kutoka kilimani na pampu begani, wakaitua, Baba akavuta kamba, na maji yakaruka juu yakawanyeshea watoto. Tulipiga kelele za furaha tukikimbia chini ya ile mvua yetu ya kiangazi. Viongozi walisimama kando wakitingisha vichwa kwa kuridhika. Waliboresha hata mbio. Mwezi hadi mwezi waliteremka haraka zaidi, na Baba aliwasifu wale waliofika kijitoni mbele ya wenzao. Hakuna aliyewahi kuuvuta ule mpira kuupandisha kilimani. Sisemi hivyo kwa kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu kilima chote, watu wazima waliozaliwa na kuzeekea kwenye miinuko, waliopandisha maji kwa vichwa vyao tangu utoto, hawakuliona hilo hata mmoja.

Au labda mmoja aliliona. Nyumba ya juu kabisa, pale msitu wa mikaratusi unapoanzia, ilikuwa ya mama mzee aliyeitwa Verediana, nasi tulimwita Mukecuru tu, kama wazee wa kike wanavyoitwa. Aliishi peke yake na ng'ombe wake, Bihogo, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na macho ya mtu aliyekatizwa usingizi. Ng'ombe huyo alipewa na jirani, na kwa desturi yetu anayepewa ng'ombe humpa mwingine ndama jike wa kwanza. Bihogo alikuwa na mimba kubwa, na zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nimeshampa ndama jina, na kila nilipotoka shule nilipanda kwa Mukecuru na mzigo wa majani, nikaweka sikio langu kwenye tumbo la Bihogo, nikadai nimesikia kitu. Mukecuru hakunibishia. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na ng'ombe wake kwa sauti ya chini wakati wa kukamua, maneno matamu ya Kinyarwanda ambayo watu humwambia mtoto mchanga, na nilimwonea wivu yule mnyama. Siku moja, baada ya mazoezi, alimsimamisha Baba njiani akamuuliza, huku ameegemea fimbo yake:

"Sasa hiyo maji itafika kwangu, kule juu?"

"Itafika, Mukecuru," Baba akamjibu. "Iko na nguvu sana."

Aliitikia kwa kichwa akaendelea kupanda. Baba hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Maji ya bomba yalikuwa yanakatika asubuhi na kurudi giza likishaingia, vumbi lilikaa juu ya migomba, na wezi wa ng'ombe walikuwa wamepita kilima cha jirani. Mukecuru akamfunga Bihogo kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya zizi, na ufunguo akauficha ndani ya nyumba, chini ya godoro. Majani makavu ya akiba yalirundikwa kwenye banda lililounganisha nyumba na zizi. Moto ulianzia upande wa msitu, alasiri, kwa mtu aliyechoma mabua ya maharage akageuka kuzungumza na mwenzake. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwa Mukecuru. Tulisikia kwanza mlio, kama wa mtu anayechana nguo nzito, halafu tukaona moshi juu kabisa, na Baba alikuwa tayari ameshaweka filimbi mdomoni.

Wanaume wakaja mbio kutoka kila nyumba na kofia zao za njano. Wakaingia sebuleni kwetu, kitambaa cha Mama kikaruka, pampu ikapanda mabegani. Na wote, kila mwenye nguvu kwenye kilima kile, wakafanya walichofundishwa: wakateremka. Moto uko juu, wao wanakimbia kwenda chini. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wakipotea kwenye migomba, na moyo wangu ulijaa fahari, kwa sababu sijawahi kuona mbio nzuri kama zile.

Waliopanda walikuwa wanawake na watoto, na mabeseni ya maji yaliyobaki majikoni. Tulipofika, banda la majani lilikuwa halitazamiki. Mama na jirani mwingine wakamtoa Mukecuru mlangoni, akiwa amejifunika kitenge kichwani, akikohoa, akitaka kurudi kwa ufunguo. Mama akanikabidhi mkono wa Mukecuru akaniambia, "Shika bibi, usimwachie." Kisha wakaenda kwenye zizi. Waliivuta ile nguzo, wakaitikisa, wakaipiga kwa mawe. Ilikuwa nguzo iliyochimbiwa na wanaume, na ilihitaji wanaume kung'oka. Mama aliungua mikono yote miwili hadi viwiko na bado alirudi mara nyingine, mpaka wenzake wakambeba. Mimi nilimshika Mukecuru. Nilikuwa nimejiandaa kupambana naye, nikambana kwa mikono na miguu, lakini hakujivuta. Alisimama tu akamwita Bihogo kwa jina, kwa ile sauti ya kukamulia, tena na tena, kana kwamba anamwambia asiogope. Bihogo alikuwa anamjibu.

Halafu tukaisikia pampu. Iliwaka huko chini kwa mvuto mmoja tu, safi, na ngurumo yake ikapanda kilima kizima, na wanawake wakainua mikono. Kuna mtu alilia kwa furaha. Tuliona kofia ya njano ya Kazungu ikitokea kwenye migomba yake, katikati ya mteremko, akiburuta mdomo wa mpira kwa nguvu zake zote, kisha tukamwona amesimama. Aliutazama ule mpira. Akautikisa. Yalikuwa yanatoka maji ya kunawia mikono. Pampu ile ilitengenezwa kumwagilia mboga kwenye shamba tambarare, na kila hatua ya kupanda ilikuwa imeinyang'anya nguvu, na kufikia migomba ya Kazungu haikuwa na kitu tena. Kazungu akapiga kelele chini kwamba waongeze moto wa injini. Wakaongeza. Injini ikalia zaidi, maji yakabaki yale yale. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa.

Baba aliiacha pampu ikinguruma akapanda kilima kwa mbio, wenzake nyuma yake. Alipofika, paa lilikuwa limeshaanguka, na zizini hapakuwa na sauti. Alivua kofia. Alikuwa amelowa maji mwili mzima, maana kule chini yalikuwa mengi, na matone yake yalidondoka kwenye vumbi mbele ya miguu ya Mukecuru. Mukecuru akanyoosha mkono niliokuwa siushiki, akamgusa kifuani.

"Pole, mwana wangu," akamwambia. "Umekimbia sana."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Baba alikaa chini pale pale.

Mukecuru alihamia kwetu mpaka nyumba yake ilipojengwa upya, na ilijengwa haraka, kwa umuganda, watu wakipigania matofali. Alilala chumbani kwetu sisi wasichana na hakulalamika hata siku moja. Alimpaka Mama dawa mikononi, akatufundisha kuchambua maharage, akamsalimu Baba kila asubuhi kwa upole ule ule. Baba alianza kula chakula chake karakanani kwake. Pampu ilirudishwa kwa wakulima wa mboga, ambao waliifurahia, maana kwa kazi yake ilikuwa nzuri. Kikundi hakikuvunjwa na mtu yeyote. Kilinyamaza tu, na kwenye mikutano Baba naye akanyamaza, yeye ambaye hakuweza, na sisi nyumbani tukajifunza kutomtajia. Ndama mwingine tulipewa baadaye na mtu mwingine. Nilikataa kumpa jina.

Sasa ninaishi Kagarama, upande mwingine wa mji, nafanya kazi kwenye ofisi ya Kimihurura ambako kila ukuta una mtungi wa kuzimia moto na kila mtungi una tarehe ya kukaguliwa. Mukecuru alishafariki, kwa uzee, kitandani kwake. Batsinda ile niliyokuwa naijua imefunikwa kwa mapaa mapya, na ule mfereji mwekundu tuliobebea baiskeli ni barabara ya lami yenye taa na mitaro ya zege. Ninapenda mji wangu, sitaki mtu afikiri nasikitikia vumbi. Mwaka jana, Jumapili moja nilipokwenda kumwona Baba, saluni iliyo upande wa juu wa nyumba yake ilishika moto. Nguvu za Baba zimeisha, magoti yake ni ya kubembelezwa, lakini alitoka na malapa yake kabla yangu. Hatukuwa hata tumekubaliana tufanye nini. Gari la zimamoto likatupita likipanda, likasimama mlangoni mwa saluni, vijana wakashuka na mpira wao, maji yakaingia dirishani, na moto ukafa kabla umati haujakamilika. Mwenye saluni alikuwa analia kwa ajili ya kioo kimoja. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, nikacheka kwa ahueni.

Nilipogeuka, Baba hakuwa anapiga makofi. Alikuwa anawatazama wale vijana wakikunja mpira, mmoja mmoja, kama mwalimu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Akaniegemea begani.

"Umeona, Chantal," akasema. "Hakuna hata mmoja ameshuka bondeni."

Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akilisema. Nilitaka kumwambia kwamba wana gari, kwamba wana tangi, kwamba yeye alikuwa na vipande vya mpira na ngozi za matairi, na kwamba kilima kizima kilimpigia makofi akikosea. Yote hayo anayajua. Nilimshika mkono tukarudi ndani polepole kwa sababu ya magoti yake.