Macho ya Mayu Nyanjige

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kugombea pamba, mume wangu Mabula aliuza vizuri. Badala ya kununua ng'ombe kama Msukuma mwenye akili zake, akanunua televisheni na dishi, akajenga banda la kuonyeshea hapa Somanda. Nilimnunia wiki nzima. Watu walipoanza kujaa nikanyamaza, maana hata mimi nilinogewa.

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa tamthilia ya uchawi. Nyumba ya tajiri, mtoto anaugua, na hatujui nani anamroga. Weee, ubishi wake! Joakim, fundi baiskeli, alishikilia kwamba ni yule bibi.

"Macho yake hamyaoni? Mekundu!"

Mayu Nyanjige, mama mjane auzaye michembe, alimpinga. "Ni mjomba. Anachekacheka mno yule."

Sasa, macho ya Mayu Nyanjige nayo ni mekundu. Miaka yote anachemsha viazi vyake vikavu kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Na huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si mzaha. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hayo hayo. Kila Joakim alipopayuka, shingo ziligeuka kumtazama mama wa watu. Wateja wake wa michembe wakapungua. Benchini akawa anakaa peke yake. Niliogopa sana, na yule Joakim nilitamani nimzibe mdomo kwa ugali wa moto.

Ikafika sehemu ya mwisho. Nikaomba Mungu mchawi awe mjomba. Wapi! Alikuwa bibi. Shingo zikageuka tena.

Mayu Nyanjige akapiga makofi.

"Joakim mwanangu, umeshinda. Ila niambie, tangu tuanze kutazama, huyu bibi umemwona akiwasha moto hata siku moja? Chai analetewa, uji analetewa. Macho hayo kayatoa wapi? Si wamempaka rangi! Ya kwangu njoo uyaone yanakopikwa. Kesho asubuhi, ukae mpaka michembe iive."

Watu wakaangua kicheko. Joakim, kwa kuogopa kuitwa mwoga, akakubali.

Kulipokucha tulikuwa tumejazana uani, umbea tu.

"Mwangaluka, mayu," Joakim akasalimia, akainama kuingia. Mlango ukarudishwa. Tukasikia anakohoa, mama anamwambia chochea, anakohoa tena. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alipotoka, machozi yalikuwa yanamchuruzika, macho mekundu kama nyanya. Mkewe, Joyness, akashika mdomo.

"Baba Shida! Umefanywa nini humo?"

Joakim akajifuta kwa mkono wa shati, akatutazama mmoja mmoja.

"Moshi," akasema, kwa nguvu, ili na wa nyuma wasikie. "Ni moshi tu, jamani."