Siri ya Jicho la Tekla

Tekla alimvumilia mumewe kwa mengi, ila mapenzi yake kwa Kiingereza cha kizamani yalimchosha. Tangu astaafu ukarani, Adelard alishinda barazani kwao Mtoni na kamusi iliyochanika jalada, akiokota maneno ambayo, kwa imani ya Tekla, Waingereza wenyewe walishayatupa.

Jicho lake la kulia lilipoingia ukungu, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, apasuliwe, Tekla alimwambia mumewe peke yake. Hakutaka akina mama wa jumuiya yake ya kanisani wamjazie nyumba kwa nyimbo na maswali. Adelard akaapa kunyamaza. Tena alifurahi, maana alikuwa amepata neno linaloifaa hali hiyo: hugger-mugger.

Kesho yake akalipeleka dukani kwa jirani yao, Azan. Akamweleza kuwa zamani jambo la chini kwa chini liliitwa hivyo, na kwamba neno lenyewe halitembei peke yake, hutanguliwa na “in”. Azan, mtu mpole, akaomba mfano.

“Mathalani,” Adelard akasema, “mke wangu anapasuliwa jicho Alhamisi, in hugger-mugger.”

Azan akamwambia mkewe, Nunu, amwombee dua mgonjwa. Nunu, kwa nia njema, akawauliza wanajumuiya wamejipangaje kuhusu uji wa mgonjwa.

Alhamisi Tekla alirudi kutoka hospitali na bandeji jichoni, akakuta viatu vimefunika mlango. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Jikoni akina mama wawili wa jumuiya walibishania sufuria, na mwingine alikuwa amefua mapazia ambayo hakuna aliyemwomba ayafue. Wakamwimbia. Kisha wakataka kujua kosa lao ni lipi hata awafiche. Mgonjwa akajikuta yeye ndiye anayeomba radhi.

Walipoondoka alimwita mumewe.

“Baba Felicitas, hilo neno lako halina maana nyingine?”

Adelard akatazama sakafu. “Linayo. Vurugu. Mambo shaghalabaghala.”

“Sasa si ungewafundisha hiyo, ukaniacha mie na jicho langu?”

Alimnunia hadi Jumapili. Shida ilikuwa dawa ya matone: kila alipojitilia mwenyewe, jicho lilijifumba na dawa ikamwagikia shavuni. Basi asubuhi, mchana na jioni alikaa kitini, akainua uso, Adelard akamdondoshea polepole, naye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuwa na la kueleza.