Jina la Marehemu na Shimo la Mwezini

Siku ile ya kumpa mtoto jina naikumbuka, mwanangu, kila ninaponusa sambaza wakikaangwa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Ilikuwa Gisenyi, mji wetu wa ufukweni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nasi tulikuwa tumerudi si zamani kutoka ukimbizini Goma, ng'ambo ya mpaka. Dada yangu Odeta alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mumewe, Kamanzi, mvuvi, alikuwa amezama ziwani kabla hajamwona mwanawe, na mwili wake haukupatikana.

Desturi yetu unaijua: watoto wa majirani hualikwa, hula wakashiba, kisha kila mmoja humtajia mtoto mchanga jina, naye mzazi huchagua. Ni siku ya kucheka, maana wengine hutaja hata majina ya mbuzi wao. Lakini siku hiyo wa kwanza alisema, "Kamanzi." Aliyemfuata, "Kamanzi." Na wengine wote vilevile. Kumbe mama mkwe wa dada yangu, muuza samaki pale ufukweni, alikuwa amewahonga sambaza tangu asubuhi! Usimcheke sana. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yule mama hakuwa na mwana mwingine.

Odeta alimkumbatia mtoto, machozi yakimtoka. "Mama," alisema, "nikimuita vile, kila mara nitakuwa naangalia mulango."

"Na mi?" mama mkwe akamjibu. "Mwana yangu nitamuita wapi? Hata kaburi hana."

Watu wakainamia sahani zao. Mimi kimya hakijawahi kunikaa, hata leo, basi nikaanza kusimulia habari niliyoisikia redioni. Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa nchi za mbali, jina lake lilinishinda kulitamka, aliyemaliza maisha yake akiutazama mwezi kwa darubini bila kuukanyaga. Alipokufa, wenzake walichagua shimo moja kubwa huko mwezini, wakalipa jina lake. Nilitaka kumfariji yule mama, ajue kwamba hata wasomi hawapendi majina ya wapendwa wao yapotee.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ile shimo," akaniuliza, "mutu akiiita, inaitikaka?"

"Hapana, Mama. Ni shimo tu."

"Bon, sawa. Huyu yeye ataitika." Akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. "Nitaita mwana yangu, ataitika mwingine. Atachoka, maskini. Odeta, mupe jina yake mwenyewe. Ile ya Kamanzi tutaandika ku mutumbwi."

Odeta akasema, "Ishimwe," yaani shukrani. Mama mkwe akampokea mtoto, akamwita kwa jina hilo sikioni, kisha akalia kwa sauti, nasi sote tukalia naye. Wavuvi waliandika jina la Kamanzi kwa rangi nyeupe ubavuni mwa mtumbwi aliokuwa akivulia. Kila ulipotoka, mama yule alikuwa akisimama ufukweni na kuliita hadi sauti imkauke. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mwanangu, wewe nawe utafiwa na watu uwapendao, hakuna asiyefiwa. Majina yao yatafutie mahali: mlango wa duka, mti, chombo, hata shimo la mwezini ukiweza kulifikia. Vitu hivyo havichoki. Lakini mtoto ni mgeni, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakuponyaje ikiwa umemlazimisha kuwa mtu aliyekwisha kuondoka? Mpokee kwa sura aliyokuja nayo, hata kama moyo wako ulikuwa ukimngoja mwingine.

Mungu akujalie uzao, akujalie na moyo wa kuupokea. Na siku utakapoita ukiwa mzee, aitike yule yule uliyemwita.